Bunduki Niliyoirudia Columbus

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kuisimulia huanza kwa kucheka na kuishia kwa kunyamaza. Leo nitajitahidi kuifikisha mwisho, maana nyinyi vijana mmeanza kuniuliza kwa nini bibi wa kanisani, mwenye wajukuu wawili na magoti yanayolalamika kwenye ngazi, ana bunduki ndani ya kabati la chuma, na kila Novemba huvaa kizibao cha rangi ya chungwa akapotea msituni. Mmeniuliza kwa adabu. Nami nitawajibu bila kuzunguka.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, bado nikijiita kijana. Tulikuwa tumekaa Louisville mwaka wa tatu, upande wa Iroquois, katika nyumba za ghorofa ambako kila mlango ulinukia chakula cha nchi nyingine. Kazi yangu ilikuwa Jeffersontown, kwenye kiwanda cha kufunga vipuri ndani ya maboksi, na aliyesimama mbele yangu kwenye mstari alikuwa mama mmoja mzungu, Doroti, aliyenizidi kwa miaka ishirini na zaidi. Mume wake alishafariki, watoto wake wameenda mbali, naye aliishi peke yake kwenye shamba dogo mwendo wa saa moja kutoka mjini. Miezi ya kwanza tulizungumza kwa mikono. Baadaye nikapata Kiingereza cha kazini, tukawa marafiki.

Jumamosi hiyo alinialika kuchuma nyanya. Tulipomaliza, aliingia ndani akatoka na bunduki, ameilaza juu ya mikono miwili kama anavyobebwa mtoto wa kubatizwa.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nyinyi mliozaliwa huku hamjui. Kwetu, kule juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, bunduki haikuwa kitu cha mtu kukuonyesha. Ilikuwa kitu kinachokuja. Baba yetu iliondoka naye akiwa malishoni, mimi nikiwa na miaka kumi na mitano. Sisi tuliobaki tukaikimbia mlima kwa mlima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi siku hiyo sikuonyeshwa ung'ong'o, nilionyeshwa nyoka mwenyewe.

Doroti aliuona uso wangu, akaiweka mezani papo hapo. Hakuniomba niiguse. Akaifungua nione kwamba ndani hamna risasi, kisha akaketi akaanza kunieleza taratibu. Ilikuwa ya baba yake. Aliinunua kabla Doroti hajazaliwa, na kwa hiyo moja alilisha watoto saba kila majira ya baridi. Watoto wa Doroti hawaitaki, na yeye bega lake limeharibika kwa kuinua maboksi. Alikuwa akitafuta mtu wa kuinunua ambaye hataigeuza pambo la ukutani.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu kazini," akasema, "wewe ndiye unayeona boksi lenye kasoro kabla halijafika kwako."

Ni kweli. Macho yangu yalilelewa na ng'ombe. Nikiwa mtoto niliweza kusimama upande mmoja wa bonde nikamwambia Baba ni ndama yupi amebaki ng'ambo. Sikujua kwamba macho hayo yangekuwa na kazi nyingine.

Nikaisogelea. Sijui nani alinisukuma. Kitako chake kilikuwa cha mti wa kahawia nzito, kimelainishwa na viganja vya watu mpaka kinang'aa bila rangi. Chuma chake kilikuwa kimeanza kupauka pale mkono unapoishika. Ilinukia mafuta na majani makavu. Chini yake kulikuwa na mkono mdogo wa chuma wenye tundu la kupitishia vidole: unausukuma mbele, unaurudisha, na risasi inapanda mahali pake. Doroti aliniwekea makopo matatu matupu juu ya gogo, nyuma yake kilima cha udongo, akanifunika masikio.

Risasi ya kwanza nililia. Ilipotoka, nilimwona Baba. Nikaketi chini kwenye majani, Doroti akakaa karibu nami.

Risasi ya pili nilipiga kopo.

Nikacheka, mwanangu! Nikacheka kicheko ambacho sikukijua, kicheko cha mtu aliyelikamata masikio jibwa lililomfukuza utoto mzima. Nikasukuma ule mkono wa chuma, klak, nikaurudisha, klak, nikaliangusha kopo la pili, na la tatu.

Sikuinunua siku hiyo. Doroti alikuwa mtu wa njia iliyonyooka. Alinipeleka kwanza kwenye darasa la wawindaji, nikakaa na watoto wa shule kwenye viti vidogo nikijifunza kwamba kila bunduki uihesabu imejaa, kwamba kidole kikae nje mpaka umeamua, kwamba ujue kilicho nyuma ya unachokilenga. Mwezi wa tisa tukaenda kwenye duka lenye leseni, ili aniuzie kisheria. Nikajaza fomu, nikaonyesha kadi yangu ya ukaazi, wakapiga simu kuulizia kama nina doa. Jina langu, Namahoro, walilitamka kwa namna nne tofauti. Mwishowe mwenye duka akanisogezea bunduki akasema, "Ni yako, mama."

Tangu nizaliwe, vitu vyenye nguvu vilikuwa vya watu wengine. Ardhi ilikuwa na wenyewe, karatasi zilikuwa na wenyewe, barabara zilikuwa na wenyewe, na bunduki zilikuwa na wenyewe. Hiki kilikuwa changu, kwa jasho langu na kwa sheria. Nilitembea kwenda kwenye gari nimenyoosha shingo kama mwali.

Sasa nije kwenye kosa, maana sikukuita hapa nijisifu tu.

Sikumwambia mume wangu. Baba Neema ni mtu mpole, anaogopa hata fataki za mwezi wa saba. Nilijiambia nitamweleza kesho, na kesho ikazaa kesho. Bunduki ikakaa kwa Doroti, na kila Jumamosi nikaaga nyumbani kwamba nimeitwa kazini saa za ziada. Nilikuwa nikienda kulenga makopo, kisha kuisafisha kwa kitambaa, kisha kukaa tu nayo juu ya mapaja nikitazama bonde la Doroti. Raha tupu. Lakini raha uliyoificha huanza kunuka kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu.

Novemba ikafika. Asubuhi moja yenye barafu nyembamba kwenye majani tulikaa chini ya mti, Doroti na mimi, tusiseme. Kuchunga kumenifundisha kungoja. Jua lilipoanza kupanda akatoka kulungu dume, mmoja wa hawa wa huku wenye mkia mweupe, akasimama ubavu. Nilipumua nje. Nilimwomba Mungu mkono wangu usimtese mnyama huyo. Nikafyatua. Hakupiga hata hatua kumi.

Kuchuna hakuna aliyenifundisha, nilishaona ng'ombe wakichunwa tangu utotoni. Doroti akanipiga picha nimepiga goti karibu na pembe za kulungu, nimevaa kizibao cha chungwa, bunduki mkononi, na meno yote nje.

Nikarudi nyumbani na nyama.

Hapa lazima nikueleze jambo. Sisi ni watu wa ng'ombe. Wazee wetu hawakula nyama ya porini. Walisema anayekula mnyama wa msituni kisha akanywa maziwa, anaangamiza zizi lake. Wengi wetu kanisani hawakuwa na zizi tena, ng'ombe wao waliibwa na kuchinjwa zamani, lakini mwiko walikuwa nao bado, na pengine waliushika kwa nguvu zaidi kwa kuwa ndio uliobaki. Mimi nililijua hilo. Na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kwaya.

Jumapili ile kwaya nzima ilikuja kwangu baada ya ibada. Nilipika ile nyama kwa vitunguu na nyanya, nikaweka bugali na sombe, yaani kisamvu. Wakala. Wakaongeza.

"Mama Neema," akasema mzee mmoja wa sauti ya besi, "hii ng'ombe mulichinja wapi? Iko laini sana!"

"Ilitoka kwa shamba ya rafiki yangu," nikajibu.

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni pangu mwenyewe. Mlango uligongwa, akaingia Doroti, amevaa nguo nzuri, mkononi ana bahasha. Alikuwa ameniletea picha, ameiweka kwenye fremu. Hakujua lolote. Aliona watu na sahani, akafurahi, akaitoa fremu ile akaiinua juu wote waione.

"Mnaona?" akasema. "Ni yeye aliyempiga! Na nyama yake ndiyo mnayokula!"

Kiingereza hicho kila mtu alikielewa. Na asiyeelewa alitazama picha.

Mama mmoja alikimbilia bafuni. Mzee wa besi aliweka sahani chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. Baba Neema hakuitazama nyama, aliitazama bunduki kwenye picha, kisha akanitazama mimi.

"Zile Jumamosi," akasema. Basi. Maneno mawili.

Doroti aliniangalia, akaelewa kwamba ameharibu na asijue nini. Nilimsindikiza nje mpaka kwenye gari lake.

Siku tatu baadaye mchungaji alikuja na wazee wawili. Sikuwachukia, na wewe usiwachukie. Walikuwa watu waliozika wengi.

"Bon, Mama Neema," mchungaji akaanza, na vijineno vyake vya Kifaransa, "sisi hatukukuja kukuvunja. Lakini tulikimbia hiyo kitu milima yote ile. Leo weye unailipia, unaileta katikati yetu? Na mwanamke? Na ukatulisha vitu bila kutuambia? Donc, tunaomba: kwaya uache kwanza, na ile bunduki itoke."

Nilikuwa bado na aibu ya nyama. Nilisema ndiyo. Nikasema ndiyo kwa nyama, ndiyo kwa kwaya, ndiyo kwa bunduki, ndiyo moja baada ya nyingine kama mtu anayetapika. Hata wangeniambia ninyoe nywele, ningewapa na wembe.

Hakuna aliyetaka iuzwe Louisville, ambako kila mtu angejua. Kaka yangu mkubwa, Gasore, aliishi Columbus, na karibu na nyumba zao kulikuwa na duka la mzee aliyeuza bunduki za kale kwa niaba ya wenyewe. Wiki iliyofuata tulikuwa na harusi Buffalo. Basi Baba Neema akanipeleka kwa gari hadi Columbus, bunduki imefungwa kwenye buti. Mzee wa dukani aliipokea, akapitisha mkono kwenye kitako, akasema mambo mengi mazuri ambayo sikutaka kuyasikia. Akanipa karatasi yenye jina langu. Baba Neema akarudi kazini Louisville, mimi nikapanda basi la Buffalo. Gasore aliniaga akinishika bega: "Umefanya vizuri, mdogo wangu. Baba angefurahi."

Nililia kutoka Columbus mpaka nilipoliona ziwa.

Shangazi yetu Nabisage, dada mkubwa wa Baba, aliishi Buffalo mtaa wa Kensington, nyumba ya mbao karibu na barabara ya Bailey. Alikuwa amepita miaka themanini, jicho moja limefungwa na ukungu, lakini masikio yake yalisikia hata unachokifikiria. Mchana wa kuamkia harusi nilikuwa nikipiga pasi nguo za akina mama, yeye yuko kwenye kiti chake na kikombe cha maziwa.

"Nasikia umekuwa mwindaji," akasema.

Habari ilikuwa imenitangulia. Nikamsimulia yote, kuanzia makopo hadi ile karatasi ya dukani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nikangoja anipige na fimbo yake, maana nilistahili.

"Nyama uliyowapa," akaniuliza, "walijua?"

"Apana, Shangazi."

"Hiyo ni kosa. Kosa mbaya. Umeweka kitu ndani ya tumbo ya mtu bila ruhusa yake. Na bwana yako umemwambia uongo Jumamosi ngapi?"

"Nyingi."

"Hiyo pia. Donc utapiga magoti. Sasa niambie: bunduki uliiiba?"

"Apana."

"Ulimwelekezea mtu?"

"Apana, Shangazi! Sijawahi."

"Serikali ilikukatalia?"

"Ilinikubalia."

"Basi umeitoa kwa nini?"

Pasi ilibaki hewani.

"Umechanganya," akasema. "Kosa yako ni uongo, weye ukalipa na kitu kingine. Walikudai samahani, ukawapa mkono wako." Akanywa maziwa, akafuta mdomo. "Unajua mimi nilikamua ng'ombe?"

Sikujua. Kwetu, mwanangu, mwanamke hakamui. Anasukasuka maziwa, anaosha vibuyu, lakini kukamua ni kwa wanaume, na huo nao ni mwiko.

"Wanaume wote walilala na homa," Shangazi akasema. "Baba yako pia. Ng'ombe wanalia, maziwa inawauma. Nikakaa chini, nikakamua. Walipopona waliniambia: ng'ombe watakauka, na weye hautaolewa. Waliniambia niombe samahani mbele ya zizi. Nikawaambia, nikivunja kibuyu nitaomba samahani ya kibuyu. Lakini kwa kukamua, apana. Nilikamua tena jioni ile ile."

"Na ng'ombe?"

"Hawakukauka. Na niliolewa, bahati mbaya, na mtu mwenye kukoroma." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu jicho lake lile zima likanikazia. "Watu waliotuumiza walituchukulia nyumba, wakatuchukulia ng'ombe, wakamchukua mdogo wangu. Sasa wanatuchagulia hata vitu vya kupenda? Tukiwa huku mbali hivi? Mimi sikubali. Rudi, uichukue."

Ng'ombe hashindwi na nunduye. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikidhani linahusu mizigo tu. Siku hiyo nikajua linahusu pia kile ulichojaliwa kukibeba kwa furaha.

Harusi ikapita. Jumatatu nilishuka kwenye basi Columbus, Gasore akaja kunipokea. Nilimwomba anipitishe dukani. Alidhani nataka kujua kama imeuzwa. Nilipoingia, palikuwa na bwana mmoja ameishika bunduki yangu, ameshaipeleka begani, ameshaipenda. Niliona wivu kama wa mke.

"Samahani," nikamwambia mzee wa duka, nikamwonyesha karatasi. "Hii siuzi tena."

Yule bwana akasema ameshaamua kuinunua. Mzee akanitazama, akatazama karatasi. "Mwenyewe ni wewe," akasema, "na bado sijaiandika kwa mtu. Lakini itabidi ujaze fomu upya, tupige simu upya, ungoje."

"Nitangoja."

Nikajaza fomu. Namahoro, herufi kwa herufi. Wakati simu inaendelea nilitoka nje, Gasore alikuwa amesimama kando ya gari, ameshaelewa.

"Baba alikufa na nini?" akaniuliza. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Najua alikufa na nini."

"Na unataka kulala nayo nyumba moja."

"Gasore, ile iliyomuua Baba sijawahi kuiona. Miaka yote hii iko kila mahali kwa sababu sijawahi kuiona. Hii ninaijua. Najua ilipokwaruzwa, najua uzito wake, najua inakaa wapi na inalala tupu. Nimechoka kuogopa kila chuma duniani."

"Mimi sitachoka," akasema.

"Usichoke. Huo ni uhuru wako, na sitakulazimisha. Lakini mimi nimechoka."

Alifungua mlango wa gari. "Haitaingia katika gari yangu," akasema. "Na wewe ukiwa nayo, katika nyumba yangu apana."

Akaondoka. Nikabaki kwenye uwanja wa kuegeshea magari na begi la nguo za harusi, na basi halipakii bunduki. Hapo ndipo nilipofanya jambo gumu kuliko kurudi dukani. Nilimpigia mume wangu.

Nilimwambia kila kitu, hata hesabu ya Jumamosi. Nikamwambia: kwa uongo nakupigia magoti, na nikifika nitayapiga kwa kweli. Lakini bunduki ninaichukua tena, na ninataka uijue, na ninataka ujue kwamba inanifurahisha.

Nilisikia kelele za ghala alikofanya kazi. Kisha akasema, "Ngojea hapo."

Alifika jua likielekea kuzama, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu. Jibu la simu lilikuwa limeshatoka, bunduki imefungwa kwenye mkoba wake. Aliutazama asiuguse.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo hii.

"Njo hii."

"Itakaa wapi?"

"Kabati ya chuma, na kufuli. Risasi mahali pengine, na kufuli yake."

Akafikiri. "Bon. Lakini Jumamosi usiniambie tena uko kazini. Uniambie uko wapi, niogope vizuri."

Nilicheka na kulia pamoja, naye akanifungulia buti.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa. Nilipiga magoti, mwanangu, magoti haya haya, juu ya saruji. Nikasema: niliwalisha mlichokikataa, nikawadanganya, nisameheni. Mama yule aliyekimbilia bafuni akaja akaniinua. Kisha nikiwa nimesimama nikasema: bunduki ninayo, nimeichukua tena, na kwa hilo siombi msamaha, kwa kuwa sijamkosea mtu.

Kanisa liliguna kama mbuyu ukipasuka. Mchungaji akasema kwamba kwaya basi sitaifundisha. Nikamwambia sawa, Mchungaji, kwaya ni ya kanisa. Nikaketi kwenye benchi la nyuma. Walipoanza wimbo, nikauimba kwa sauti yangu yote kutoka huko nyuma, mpaka walio mbele wakageuka. Sijarudishiwa kwaya hadi leo, na hadi leo sijapunguza sauti.

Nisikudanganye kwamba yote yalipona. Gasore alikaa miaka miwili bila kukanyaga kwangu. Alipokuja, nililifunga kabati na kulifunika kitambaa, nikampikia maharage, na hatukuitaja. Hajawahi kuipenda na sijawahi kumwomba aipende. Nyumbani kwangu mgeni huambiwa kilichomo chunguni kabla hajanawa mikono. Doroti nilimwomba radhi pia, kwa kumwacha aingie kipofu katika uongo wangu. Aliniambia picha nzuri iliharibika bure mbele ya watu wasiofaa kuitazama, na Novemba iliyofuata tukakaa tena chini ya mti.

Na furaha ile? Ipo. Nikiitoa, nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, nikasikia ule mkono wa chuma ukienda na kurudi, moyo wangu hunyooka. Nimempiga mnyama kila mwaka nilioweza, mwaka mwingine nimerudi mikono mitupu nikiwa na furaha ile ile. Siku hizi mama mmoja wa kanisani huja nami. Ni yule yule aliyekimbilia bafuni. Nyama bado hali, anasema, lakini shabaha anayo.

Basi shika haya, mwanangu. Ukikosa, kosa lako lijue kwa jina lake na kwa kipimo chake. Uliyemkosea mwendee, mpigie magoti, usitafute kona. Lakini usiruhusu aibu ya kosa moja ikupokonye na kile ambacho si kosa. Watu wakikuona umeinama, wengine watakutwika na mizigo yao. Hofu yao waheshimu, maana wameipata kwa machozi, ila usiibebe kama ni yako. Unachokipenda kwa haki, kipende mchana kweupe, kwa mlango wazi na kwa ukweli kwa wenzako wa nyumbani. Mficha uchi hazai, na mficha furaha huigeuza dhambi kwa mikono yake mwenyewe. Na aliyetufukuza kwetu, usimwache akupangie maisha huku.

Mungu aliyetuvusha akupe magoti ya kupiga pale ulipokosa, na uti wa mgongo wa kusimama pale usipokosa. Akupe mwenzi atakayekuambia "ngojea hapo," na kweli akaja. Uende salama, ule unachokijua, na uimbe kwa nguvu popote watakapokukalisha. Amina.